Sanduku la Umeme la Kupanda na Betri Yake

Kila anayeniletea sanduku la umeme la kupanda, yaani sanduku la safari lenye mota ambalo mtu hulikalia na kuliendesha, ili nilikague, jambo la kwanza ninalomwomba ni kuitoa betri mbele yangu. Sifanyi hivyo kwa haraka ya kuiona betri. Nataka kuona kama mikono yake inaijua njia. Wengi husita, hubonyeza upande usio wake, au hugundua kwamba kifuniko cha betri kimezibwa na nguo walizopakia. Kazi hiyo, ambayo aliyezoea huimaliza kwa sekunde chache, ndiyo inayoweza kuamua kama sanduku litapanda ndege au litaachwa kaunta, na ndiyo maana ninaeleza utunzaji wa chombo hiki kwa kuanzia kwenye betri, ingawa wauzaji hupenda kuanzia kwenye mwendo na rangi.

Chombo chenyewe si kigumu kukielewa. Ni sanduku lenye ganda gumu na fremu ya chuma chepesi inayobeba uzito wa mpandaji, mota ndogo iliyofichwa ndani ya gurudumu, usukani unaochomolewa, na saketi inayopima umeme unaokwenda kwenye mota. Mengi hukimbia hadi kilomita 10 au 13 kwa saa. Vyote hivyo hupata nguvu kutoka kwenye betri ya lithiamu, na ukubwa wa betri hiyo hupimwa kwa wati-saa.

Wati-saa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, kwa hiyo betri ya volti 36 na ampea-saa 2 ina wati-saa 72. Ikiwa lebo imeandikwa kwa miliampea-saa, gawanya kwanza kwa 1,000. Kanuni za usafiri wa anga zinazofuatwa na mashirika mengi huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali. Iliyo kati ya 100 na 160 huhitaji ridhaa ya shirika la ndege, na inayopita 160 haibebwi na abiria. Sanduku lenye betri isiyotoka halikubaliwi ikiwa betri hiyo inazidi wati-saa 2.7, na hakuna betri ya kumwendesha mtu iliyo ndogo kiasi hicho. Mashirika ya ndege ya Marekani ya American, Delta na Alaska yalianza kukataa masanduku ya aina hiyo tangu tarehe 15 Januari 2018. Yapo pia mashirika yanayokataa masanduku yote ya kupanda, hata yale ambayo betri yake hutoka, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Sanduku likienda kwenye sehemu ya mizigo, betri hubaki na abiria, nayo ncha zake hufunikwa kwa utepe au huwekwa kwenye mfuko wake ili zisigusane na funguo au sarafu. Sababu yake ni ya msingi: betri ikishika moto ndani ya chumba cha abiria, wahudumu huona moshi na kuushughulikia mara moja, kule chini hakuna mkono unaofika. Ninawasihi wenye masanduku wabandike utepe angavu juu ya lebo ya betri, kwa kuwa lebo iliyofutika haimpi mkaguzi namna ya kujua wati-saa zake, naye ana haki ya kuikataa. Uzito nao usisahaulike. Masanduku mengi ya aina hii huwa na kilo 7 hadi 10 yakiwa matupu, ilhali mashirika kadhaa huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 tu.

Nyumbani, betri huharibika zaidi kwa kusahauliwa kuliko kwa kutumiwa. Mteja wangu mmoja alirudi safari, akalisukuma sanduku kabatini betri ikiwa imekwisha chaji, akalikumbuka baada ya miezi 8. Saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ilikuwa imeendelea kunyonya umeme kidogo kidogo hadi seli, yaani vijibetri vinavyounda betri nzima, zikashuka chini ya kiwango salama cha volti. Alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba betri inaweza kufufuliwa kwa kuilazimisha kupokea chaji. Nilikataa, na nitakataa kila mara, kwa sababu seli iliyoshuka hivyo huanza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake, na shaba hiyo ikiganda upya mahali pasipofaa huweza kuziunganisha pande mbili za seli na kuleta moto. Betri inayokaa bila kazi iachwe ikiwa na chaji ya karibu nusu, mahali pakavu pasipo na joto kali, na itazamwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Isichajiwe ikiwa na baridi ya chini ya nyuzijoto sifuri, na ikivimba, hata kidogo, isitumike tena. Wengine hushtuka wakiona chaja ya betri ya volti 36 imeandikwa 42. Hilo ni sahihi, kwani seli 10 zilizofuatana, kila moja ikijaa kwa volti 4.2, hufikisha 42.

Magurudumu huhitaji jicho pia. Nywele na nyuzi za zulia hujiviringisha kwenye ekseli na kuibana beringi, kisha mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi. Kwa kuwa magurudumu haya ni madogo na hayana upepo, mtikisiko wote hupanda kwenye fremu na kulegeza skrubu za usukani. Zikaze kabla ya kila safari. Ncha za betri zikiwa na madoa meusi, zifute kwa kitambaa kilicholowa spiriti, zikauke kabisa ndipo uirudishe.

Kuhusu mahali pa kupanda, usidhani kwamba kinachouzwa kama mzigo kitahesabiwa kuwa mzigo. Nchini Japani sheria hukihesabu kuwa chombo cha moto kinachohitaji leseni kikipita barabarani, na mwaka 2024 polisi wa Osaka walimfikisha kwa waendesha mashtaka mgeni aliyekuwa amekipanda kando ya barabara. Viwanja vya ndege vya Kansai na Chubu, huko huko Japani, vimewaomba wasafiri wasiyapande masanduku haya ndani.

Kwa anayekaribia kununua, nina swali moja la kumuuliza muuzaji: je, betri ya akiba ya sanduku hili inauzwa peke yake? Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, seli hupoteza sehemu ya uwezo wake hata zikitunzwa vizuri, na betri yenye umbo la pekee haipati mbadala kwa fundi. Akijibu kwamba haiuzwi, mimi nisingelichukua sanduku hilo.