Uongozi wa wanafunzi hauanzii jukwaani

Wengi huamini kwamba kiongozi wa serikali ya wanafunzi ni yule mwenye maneno matamu, anayepanda jukwaani wiki ya kampeni na kushuka akiwa rais. Si hivyo. Walio wengi huanzia mahali pasipo na makofi: uwakilishi wa darasa, kufuatilia alama zilizopotea, kumkumbusha mhadhiri ratiba. Kisha huja bunge la wanafunzi na kamati zake, na hapo ndipo kazi ilipo. Mtu hujifunza kuandika kumbukumbu za kikao, kusoma katiba kifungu kwa kifungu, kuhesabu akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali) kabla ya kura, kuitetea bajeti mbele ya wenzake wenye njaa na hasira. (Hasira za mwanafunzi mwenye njaa hazina mfano.)

Huko Bologna, Italia, katika Zama za Kati, wanafunzi walichagua rekta, yaani mkuu wao, na mwalimu aliyechelewa kipindi alitozwa faini. Siku hizi nguvu hiyo haipo vyuo vingi. Uamuzi wa mwisho hubaki kwa uongozi wa chuo. Kwa hiyo rais asiyejua kujadiliana, hata awe na sauti ya radi, hurudi mikono mitupu.