Je, wajua kipindupindu kilifikaje Haiti baada ya tetemeko la 2010?

Tetemeko la Januari 12, 2010 lilibomoa Port-au-Prince na miji jirani. Serikali ya Haiti ilitaja vifo zaidi ya 300,000, ingawa makadirio mengine yako chini sana ya hapo. Misaada ikamiminika kutoka kila pembe ya dunia. Oktoba mwaka huohuo, kipindupindu kikazuka.

Wengi hadi leo husema kililetwa na tetemeko: maiti zilioza chini ya vifusi, watu wakabanana kwenye mahema bila vyoo. Maelezo hayo yanaingia akilini, lakini hayako sahihi. Maiti haiwezi kueneza kipindupindu ambacho marehemu hakuwa nacho. Tena wagonjwa wa kwanza hawakutoka kwenye mahema ya mji mkuu, bali vijijini, pande za Mirebalais, mbali na kitovu cha maafa.

Uhaba wa maji safi na vyoo ulikuwa shamba lililokwisha kulimwa na kunyeshewa, na kweli ndio uliofanya ugonjwa usambae kwa kasi ya kutisha. Ila shamba halioti mahindi yasiyopandwa, na kwa karne nzima Haiti haikuwa na rekodi ya kipindupindu.

Karibu na Mirebalais palikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mwezi huohuo wa Oktoba kiliingia kikosi kipya kutoka Nepal, ambako ugonjwa huo ulikuwepo. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa. Mtu husafiri mzima wa afya huku kinyesi chake kina bakteria wa ugonjwa huo. Majitaka ya kambi yaliingia kijito cha Meye, kijito kikamwaga maji yake kwenye mto Artibonite, ambao watu huunywa, huuoga, hufulia na kumwagilia mpunga. Siku chache baadaye hospitali ya Saint-Marc, karibu na mdomo wa mto, ilifurika wagonjwa.

Wapo wanasayansi waliodhani bakteria hao walikuwa wa pwani ya Haiti yenyewe. Vinasaba vilipolinganishwa, vilikaribia kufanana kabisa na vya Nepal.

Walikufa karibu watu 10,000. Waliougua walipita 800,000. Umoja wa Mataifa ulikwepa lawama kwa miaka, mpaka Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba radhi Wahaiti. Uliahidiwa mpango wa dola milioni 400. Nchi wanachama zilichangia sehemu ndogo tu.