Emoji ni herufi, kilichobadilika ni mwandiko

Juzi nimesikia tena, mara ya ngapi sijui, kwamba "ile emoji ya bunduki ilifutwa na Unicode." Msemaji hakuwa mjinga. Waliokuwa naye wakaanza kubishana hapohapo: kuifuta ilikuwa sawa au ni kuingilia uhuru wa watu? Walibishana vizuri, kwa hoja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kweli ilifutwa. Nimenyamaza mara nyingi kwenye jambo hili. Leo nimeshindwa.

Maana yenyewe ni fupi. Emoji ni alama ya maandishi yenye namba yake na jina lake katika orodha moja inayotumika dunia nzima, inayotunzwa na shirika la Unicode. Mchoro unaouona kwenye kioo cha simu ni kazi ya kampuni iliyotengeneza simu hiyo au programu unayotumia. Basi. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Yanayofuata ni ugomvi wangu.

Ugomvi unaanzia kwenye jina. Wengi wakisikia "emoji" wanaisikia emotion ya Kiingereza, yaani hisia, na wanadhani neno limekatwa emo-ji. Neno ni la Kijapani, na linakatwa kwingine: e-moji. E ni picha. Moji ni herufi, alama ya kuandikia. Ukilipeleka kwenye Kiswahili kwa unyoofu unapata "herufi-picha". Kufanana kwake na neno la Kiingereza ni sadfa tupu. Tukienda kwa sikio peke yake, hata sisi tunaweza kulidai: lina -ji mwishoni kama msomaji na mwimbaji, kwa hiyo bila shaka kipo kitenzi kuemoa, na emoji ni mtu aliyezoea kuemoa.

Kosa hilo lina gharama. Aliyeshika "hisia" atakuandikia "alama za hisia", kisha umwonyeshe klipu ya karatasi, taa za barabarani, na kile kisanduku chenye namba 10, umuulize ni hisia gani hizo. Inayohusu hisia ni emotikoni, na hiyo ni kitu kingine. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza watu waweke nukta mbili, kistari na mabano, :-), ili wenzao wajue kwamba hapa ni utani. Hakubuni alama yoyote mpya. Alipanga zile tulizokuwa nazo, msomaji akalaza kichwa kidogo, uso ukaonekana. (Stika nazo ni jambo la tatu kabisa. Stika ni picha, kama picha ya harusi. Huwezi kuiingiza katikati ya sentensi ikakaa na maneno.)

Wajapani walizipa emoji jina hilo kwa kujua walichokuwa nacho mkononi. Mwaka 1997 simu za kampuni iliyokuja kuwa SoftBank zilikuwa na seti ya alama 90. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita na wenzake wa kampuni ya simu ya NTT DoCoMo wakatoa 176, kila moja ndani ya mraba wa nukta 12 kwa 12. Ni nukta 144 tu, na ndani yake wakaingiza jua, mwavuli, treni, nyota za unajimu. Sura za watu zilikuwa chache sana. Jumba la makumbusho la MoMA la New York lilizichukua mwaka 2016, na wanaostahili wamestahili. Lakini linalonihusu mimi ni namna zilivyosafiri. Ulipomtumia mtu mwavuli, mwavuli haukwenda popote. Ilikwenda namba. Simu ya mwenzako iliipokea namba, ikatazama kwenye hazina yake, ikachora mwavuli wake yenyewe. Moji, herufi: ndivyo herufi zote zinavyosafiri ndani ya mashine.

Tatizo likawa kwamba kila kampuni ya simu ya Japani ilikuwa na namba zake. Ukituma kutoka mtandao huu kwenda ule, mwenzio anapata kisicho sicho. Ndiyo maana suala likafika Unicode, shirika ambalo kazi yake tangu mwanzo ni kuzipa herufi za maandishi ya dunia namba ambazo kila mashine itakubaliana nazo, za Kiarabu, za Kihabeshi, za Kichina, na hizi ninazoandika. Toleo la 6.0 la Oktoba 2010 likaingiza mamia ya emoji kwa mpigo. Kila moja ilipata namba na jina. Kwenye majedwali yao kuna kielelezo cha rangi nyeusi na nyeupe, na wanasema wazi kwamba hicho ni kielelezo, hakimfungi mchoraji.

Fikiria herufi a. Mwalimu ana a yake ubaoni, mimi nina a yangu kwenye daftari ambayo mke wangu anadai ni o iliyoanguka. Hakuna anayesema kwamba nimebadilisha alfabeti. Nina mwandiko mbaya, basi. Apple wana mwandiko, Google wana mwandiko, Samsung wana mwandiko, na mwandiko huo ndio fonti.

Sasa turudi kwenye silaha. Namba yake ni U+1F52B. Jina rasmi ni PISTOL, na halijaguswa tangu 2010, kwa sababu Unicode wana kanuni kwamba jina la herufi likishatolewa halibadilishwi, hata likigundulika lina kosa. Nikiiandika hapa, 🔫, sijui wewe unaona nini. Mimi naona kitu cha kijani cha kuchezea maji.

Kitu hicho cha kijani kilianza na Apple. Agosti 2016 walitangaza kwamba katika iOS 10, mfumo unaoendesha iPhone, bastola yao itachorwa kama ya maji. Mwezi huohuo Microsoft walikwenda upande wa pili: wao walikuwa na bastola ya mchezo, kama ya sinema za anga za juu, wakaibadili kuwa ya kweli. Kwa hiyo chukua ujumbe mmoja wa mwaka 2017: "Subiri nifike hapo 🔫". Anayeutuma ana iPhone. Anaona kijani, anacheka mwenyewe, anabonyeza. Anayeupokea ana simu ya Samsung, na kwenye kioo chake kuna bastola ya kweli, chini ya maneno "subiri nifike hapo". Maneno ni yaleyale. Namba ni ileile. Hakuna aliyedanganya. Mmoja ametania, mwingine ametishwa.

Hapo ndipo kampuni nyingine zilipoona kwamba miandiko ikipishana kiasi hicho watu hawasomani tena. Mwaka 2018 Samsung, Twitter, Google, Microsoft na Facebook, mmoja baada ya mwingine, wakachora ya maji. Ikakaa hivyo miaka. Julai 2024 mtandao wa X, ambao ndio uliokuwa Twitter, ukairudisha ya kweli kwenye michoro yake. Katika safari yote hiyo, kwenda na kurudi, Unicode hawakufuta kitu.

Waliofanyiwa mabadiliko bila kuulizwa ni ujumbe wa zamani, na hili naona halisemwi vya kutosha. Mtu aliyeandika 🔫 mwaka 2014 akimaanisha bastola, leo ukifungua ujumbe wake unakuta mchezo wa watoto. Hakuna aliyeingia kuuhariri. Mwandiko ulibadilika chini yake. Mwaka 2016 mahakama moja ya Ufaransa ilimfunga kijana aliyemtumia alama hii aliyekuwa mpenzi wake, ikahesabu kuwa ni tishio. Atakayeufungua ujumbe kama ule kwenye simu ya leo atashangaa hakimu aliona nini. Wanasheria wenye akili wanataka picha ya kioo cha simu cha siku ile, tena cha pande zote mbili.

Basi hadithi ya kufutwa ilitoka wapi? Nadhani ninajua, na kosa linasameheka. Mwaka huohuo wa 2016 kulikuwa na alama nyingine, ya bunduki ndefu, U+1F946, jina lake RIFLE. Ilikuwa njiani kuingia kwenye orodha ya emoji pamoja na alama nyingine za michezo. Ikaondolewa kwenye orodha ya emoji kabla toleo la 9.0 halijatoka. Namba yake ilibaki na jina lake lilibaki. Ilichokosa ni kuhesabiwa emoji, kwa hiyo haipewi rangi wala nafasi kwenye kibodi. Matukio mawili, mwaka mmoja, yote ya silaha. Kwa Kiingereza yote mawili huitwa gun, na anayefuata habari kwa Kiingereza anarudi na kifurushi kimoja. Kinachonisikitisha ni kwamba sisi maneno tunayo. Bastola ni bastola, bunduki ni bunduki. Bunduki ilinyimwa uemoji. Bastola ilichorwa upya. Tumeyaacha maneno yetu mezani tukaenda kuazima mkanganyiko.

Nikiri jambo moja kabla hajatokea mtu wa kunibana. Mwandiko ukibadilishwa na wote kwa pamoja, usomaji nao hubadilika. Kijana aliyepata simu yake ya kwanza mwaka 2019 ameijua 🔫 kama ya maji, na kwake hiyo ndiyo maana. Unicode wenyewe, kwenye ile orodha yao nyingine ya majina mepesi yanayotumika kutafutia alama kwenye kibodi, sasa wanaiita bastola ya maji. Jina rasmi halikuguswa, jina la mtaani limehama. Kwa hiyo anayesema kampuni tano sita zina nguvu kubwa mno juu ya tunavyosomana, simpingi. Namuunga mkono. Ila ampeleke mahakamani mshitakiwa aliye sahihi.

Mara nyingi mabishano haya ni mepesi kuliko bastola. Oktoba 2017 mtu alionyesha kwamba kwenye baga ya Google jibini limelala chini ya nyama, na kwenye ya Apple liko juu yake; Sundar Pichai, mkuu wa Google, akajibu kwa utani kwamba wataacha kazi zote washughulikie hilo, na kweli wakaichora upya. Mwaka 2018 Google wakatoa yai kwenye saladi yao ili wasiokula vitu vya wanyama nao waitumie. Mwaka 2021 Apple wakaondoa damu kwenye sindano, wakati dunia nzima inazungumzia chanjo. Yote mwandiko.

Ila rangi za ngozi si mwandiko, na watu huziweka kapu moja na hayo. Kampuni hazikuamka siku moja zikapaka rangi. Mwaka 2015, katika toleo la 8.0, Unicode waliongeza herufi mpya tano, kila moja na namba yake, zilizopangwa kwa kufuata kipimo cha Fitzpatrick cha madaktari wa ngozi. Herufi hiyo hufuata nyuma ya emoji ya mkono au ya mtu, mashine ikaziunganisha. Kwa mtu wa Kiswahili hilo halihitaji kufafanuliwa: ni kiambishi tamati. Mzizi ni mkono, rangi imekuja mwishoni. Hapo ukisema "Unicode wamebadilisha" umesema kweli.

Bendera nazo zina mambo yake. Bendera ya nchi ni herufi mbili maalumu za msimbo wa nchi hiyo zilizowekwa pamoja, na simu ndiyo huamua kuzionyesha kama bendera au la. Kwenye iPhone zilizowekwa eneo la Hong Kong, tangu 2019, bendera ya Taiwan haimo kwenye kibodi. Herufi zake zipo Unicode kama kawaida. Huo hata mwandiko siuiti. Ni kalamu iliyokataa kuandika, na kwangu ni zito kuliko baga na saladi zote.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa juzi, sikukatazi kukasirika. Ukitaka kuzilaumu kampuni, sema "Apple waliichora upya bastola, wengine wakafuata". Ukitaka kuwalaumu Unicode, sema "waliinyima bunduki nafasi". Hasira yako haitapungua hata kidogo. Na zikiwa nyingi ni emoji hizi, emoji zile. "Maemoji" nakuachia ukiwa unaongea. Kwenye maandishi, tafadhali.