Namba ya kv si kipimo cha nguvu

Vijana wanaounda glaida za rimoti (ndege nyepesi zinazoelea hewani hata mota ikizimwa) hapa Tanga swali lao la kwanza ni mota ina kv ngapi, wakiamini namba ikiwa kubwa na nguvu ni kubwa. Sivyo. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikizunguka bila mzigo. Kwa betri ya volti 11.1, kv 1000 ni kama mizunguko 11,100. Kv 2200 inapita 24,000, lakini hiyo inataka propela ndogo. Ifunge kubwa uone: inavuta umeme kupita kiasi, inachemka, na kidhibiti mwendo, kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, kinaungua. Hasara tupu.

Glaida haihitaji mbio. Mota inaipandisha, inazimwa, breki ya kidhibiti inaisimamisha propela ya kukunjika, na hewa inayakunja mapanga yake kwenye ubavu wa pua. Kwa kazi hiyo, kv ndogo na propela kubwa.

Sevo, yaani mota ndogo zinazogeuza usukani wa ndege, za gramu 9 zinatosha glaida ndogo. Mota nzito, hata hivyo, huinamisha pua, na wapo wanaobandika madini ya risasi mkiani kusawazisha! Sogezeni betri nyuma kwanza.