Ritifaa si alama ya wingi

Siku hizi mtu akiona neno la Kiingereza linaishia na s, mkono unakwenda wenyewe kuweka ritifaa: "photo's", "video's", "all student's must register". Nimevumilia vya kutosha.

Ritifaa ni kile kialama kinachoning'inia juu ya mstari, na kwenye Kiingereza kina kazi mbili. Kinaonyesha herufi zilizoachwa, kama "don't" badala ya "do not", na kinaonyesha umiliki, kama "the teacher's book", kitabu cha mwalimu. Wingi haumo, ukiacha wingi wa herufi moja moja, mfano "p's and q's", ambapo huwekwa ili msomaji asikwame. Sisi tumeizoea kwenye ng'ombe na ng'oa, ambako inabadilisha sauti tu na haijaziba pengo la herufi yoyote. Pengine ndiyo maana wengi wetu tunaiona kama pambo.

Kinachonikera zaidi ni "it's". Watu wanajitetea hivi: umiliki unataka ritifaa, basi "it's name" ni sahihi. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Asili ya alama hii ni Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya kugeuka upande. Kwenye uandishi wa Kifaransa ililetwa na mpiga chapa Geoffroy Tory katika karne ya 16, na Waingereza wakaichukua karne hiyohiyo kwa kazi moja: kushika nafasi ya herufi iliyodondoka. Umiliki ulifuata baadaye, tena kwa mlango uleule. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi tamati -es; mfalme ni "cyning", cha mfalme ni "cyninges". Ile e ikafifia midomoni hadi ikapotea, na ritifaa ikakaa palepale ilipokuwa. Wapo waliodhani "king's" ni kifupi cha "king his". Sasa "queen's" nayo ingekuwa kifupi cha nini?

"Its" haikutokana na nomino yenye e iliyopotea. Ni ndugu wa "his", "hers", "ours" na "theirs", na hakuna hata mmoja katika ukoo huo anayevaa ritifaa. Hakuna anayeandika "hi's". Kwa haki, kosa hili lina wazee wake: karne ya 17 na ya 18 "it's" ya umiliki ilichapishwa vitabuni bila aibu, kanuni ya leo ikatulia baadaye. Lakini imetulia.

Mahali pa kuiweka nako kuna mambo. "The student's results" ni matokeo ya mwanafunzi mmoja. "The students' results" ni ya darasa zima. Alama imesogea hatua moja tu, na barua ya mzazi mmoja imekuwa ya wazazi wote. Kwenye majina ya mahali usitafute kanuni hiyo: bodi ya Marekani ya majina ya kijiografia, iliyoundwa mwaka 1890, huiondoa ritifaa ya umiliki, ndiyo maana tunaandika Harpers Ferry. Martha's Vineyard ni miongoni mwa majina machache yaliyoruhusiwa kubaki nayo.

Mkato nitaugusa tu. Hauwekwi pale pumzi inapokuishia, wala hauna nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kamili. "We arrived late, the meeting was over" inataka nukta, nukta mkato au "and". Ukiudharau, kumbuka jimbo la Maine, ambako mwaka 2017 madereva wa kampuni ya maziwa walishinda rufaa kuhusu malipo ya saa za ziada kwa sababu orodha moja ndani ya sheria haikuwa na mkato kabla ya "or". Mwaka uliofuata wakalipwa dola milioni 5 kwa makubaliano.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukishaandika "it's", isome kwa urefu wake: "it is" au "it has". "It's raining" inapita vizuri. "The company changed it is name" haipiti, basi futa ritifaa hapo na uendelee na barua yako.