Simba wa Ninawi: adui aliyemiminiwa divai

Michongo ya uwindaji ninayoirudia zaidi katika kazi yangu ni ile iliyopamba kuta za Ikulu ya Kaskazini ya Ninawi, ng'ambo ya mto kutoka Mosul ya zamani nchini Iraki, iliyochongwa takriban mwaka 645 kabla ya Kristo kwa amri ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, aliifukua mwaka 1853, na sehemu yake kubwa sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London.

Simba hawa hawasakwi porini. Katika bamba moja mhudumu, akiwa amejikinga ndani ya kizimba kidogo, anainua mlango wa tundu ili simba atoke, na askari wenye ngao wamejipanga kuuzingira uwanja. Hiyo ilikuwa ibada ya kifalme, na simba alisimama badala ya kila fujo ambayo mfalme aliapa kuizuia isiiangamize nchi. Ndiyo maana hata muhuri wa dola ulimwonyesha mfalme akimchoma kisu simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Wanyama wengine hawakupewa uzito huo. Katika ikulu hiyohiyo paa na punda mwitu wanakimbia kwa makundi, na wanaanguka bila kumkabili mfalme. Simba peke yake ndiye anayemrukia mfalme garini.

Yupo simba jike maarufu ambaye mishale imemvunja uti wa mgongo, miguu ya nyuma inaburuzika, naye bado anajiinua kwa ile ya mbele na kunguruma. Wapo wanaosema kwamba mchongaji alimhurumia. Mimi naona alikuwa akimtumikia mfalme kwa uaminifu kamili, kwa kuwa ushindi juu ya mnyama dhaifu usingemwongezea mtawala sifa yoyote. Lakini ustadi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nami, baada ya miaka mingi, bado husimama kimya mbele ya bamba lile.

Bamba ninalolithamini kuliko yote linaonyesha yaliyofuata. Mizoga minne imelazwa chini, wapiga vinubi wapo, na Ashurbanipal anaimiminia divai. Maandishi yaliyochongwa hapo yanasema kwamba aliwaelekezea upinde mkali wa Ishtar, mungu wa kike wa vita, ambaye mnyama wake mwenyewe alikuwa simba.