Kimya Kingi cha Ardhi: Matetemeko ya Zamani Yanavyotusaidia Kukadiria Yajayo

Mwishoni mwa Januari 1700, mawimbi makubwa yalivamia vijiji vya pwani ya mashariki ya Japani usiku. Nyumba zilisombwa na mashamba yakafurika. Waandishi wa kumbukumbu waliandika tarehe na saa, ila hawakutaja tetemeko, kwa kuwa hakuna aliyelisikia. Mawimbi hayo yakaitwa yatima.

Mzazi wake alipatikana karibu miaka 300 baadaye, ng'ambo ya Pasifiki. Katika pwani ya Washington, Marekani, imo mierezi iliyokufa ikiwa imesimama, mizizi yake ikiwa ndani ya tope la chumvi: ardhi ilididimia ghafla, bahari ikaingia msituni. Pete za miti hiyo zinaonyesha kwamba mwaka wake wa mwisho wa kukua ulikuwa 1699. Watafiti wakapiga hesabu ya muda ambao wimbi lingehitaji kuvuka bahari, wakapata jioni ya 26 Januari 1700, tetemeko la ukubwa wa takriban 9. Wenyeji wa asili wa pwani ile walikuwa wamerithishana simulizi za ardhi kutikisika usiku na bahari kumeza watu. Inaniuma kwamba simulizi hizo zilichelewa kusikilizwa, kwani kwa muda mrefu ufa wa ardhi uliozaa tetemeko lile ulidhaniwa kuwa mtulivu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa nyufa za ardhi msemo huu una maelezo ya kisayansi. Mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, husogea sentimita chache kwa mwaka. Ufa ukikwama, mwendo haupotei, unawekwa akiba ndani ya miamba. Bamba linalosogea sentimita 3 kwa mwaka, likikwama miaka 300, linadai mita 9, na deni hilo linaweza kulipwa kwa dakika chache.

Mitambo ya kupima mitetemo imeanza kusambaa tangu mwishoni mwa karne ya 19 tu, muda mfupi mno kwa ufa unaoweza kunyamaza karne tano. Kwa hiyo tunarudi kwenye nyaraka za kale, na nyaraka zikiisha tunachimba mitaro kukatisha ufa na kusoma matabaka ya udongo yaliyokatika. Matetemeko madogo nayo yana faida: kwa kawaida, penye tetemeko moja la ukubwa wa 6 hutokea kama 10 ya ukubwa wa 5 na kama 100 ya ukubwa wa 4, hivyo kwa kuhesabu madogo tunakisia makubwa yanakuja mara ngapi.

Kuisoma kumbukumbu ni jambo moja, kuifanyia kazi kwa wakati ni jambo jingine. Wanahistoria wa kale wa Japani waliandika juu ya bahari iliyofunika tambarare ya Sendai mwaka 869. Wanajiolojia waliukuta mchanga wake kilomita kadhaa kutoka ufukweni, wakatangaza matokeo yao kabla ya tetemeko la 11 Machi 2011, la ukubwa wa 9, lililoua maelfu ya watu.

Je, tunaweza kutaja tarehe? Hapana. Parkfield, kule California, ilitikiswa mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wastani wa kama miaka 22. Wataalamu walitarajia jingine kabla ya mwaka 1993 kuisha. Lilikuja 2004.

Ndiyo maana tunazungumza kwa uwezekano. Kanuni nyingi za ujenzi hutumia mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa ndani ya miaka 50, ambao kwa wastani hurudi kila miaka 475. Wengi wakisikia 475 hupumua, wakidhani zamu yao bado. Ni wastani tu: mitikisiko miwili ya namna hiyo yaweza kufuatana katika maisha ya mtu mmoja. Mhandisi hahitaji siku, anahitaji kujua nguzo zake zistahimili mtikisiko wa nguvu gani.

Kama nyumbani kwenu ipo barua, shajara au daftari la zamani linalotaja siku ardhi ilipotikisika, lipelekeni kwa taasisi ya jiolojia iliyo karibu nanyi. Mstari mmoja unatosha, mradi useme siku gani, mahali gani, na kitu gani kilianguka.